Nani Atafungua Shanga za Mama

Nesi alisogeza shuka ili ampime mama presha, akaona shanga kiunoni. Kisha aliniangalia mimi, si mama.

"Ile kitu ya mu kiuno," akasema, "kesho asubuhi mbele ya bloc, inatoka. Bijou zote, pambo zote, zinatoka."

Bloc ni chumba cha upasuaji. Hapa Gitega, Burundi, hata bibi aliyeteremka leo kutoka milimani, asiyejua neno jingine la Kifaransa, anajua hilo. Mama naye alilijua. Alirudisha shuka mahali pake, akalipapasa mpaka likanyooka.

"Hizi hazitoki."

"Mama, mi sichezi. Daktari anapita hapo hapo." Nesi akachora mstari kwa kidole juu ya sare yake mwenyewe, chini ya kitovu.

"Basi azisogeze juu kidogo."

"Azisogeze wapi? Tumbo imejaa." Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akakunja mpira wa kipimo chake na kunigeukia. "Mwambie we, dada. We umesoma."

We umesoma. Tangu nimalize chuo watu hunipa sentensi hiyo kama vile wanavyompa mtu mzigo wa kushika wakati wao wanafunga kamba za viatu. Nilisoma uchumi wa kilimo. Cheti changu kimo ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro, na mimi nafanya staji, mafunzo ya kazi yasiyo na mshahara, katika ofisi ambayo kila asubuhi naigonga mlango nikijiuliza kama nimegonga kwa nguvu mno. Hakuna somo hata moja kati ya niliyofundishwa lililoeleza namna ya kumvua mama yako shanga.

Mama alikuwa na uvimbe katika tumbo la uzazi. Alikuwa akitokwa na damu kwa msimu mzima bila kumwambia mtu, akilima, akiimba kwaya, akifua vitambaa vyake kabla jua halijachomoza, mpaka alipoanguka shambani kule kwetu Butihinda. Hospitali ya Muyinga ilimtuliza, kisha ikamtuma Gitega kwa sababu daktari wa upasuaji huo anakuja huku, na kwa sababu mimi niko huku. Walimwongezea damu. Daktari alinieleza mambo kwenye korido, kwa Kifaransa, na neno moja sikumtafsiria mama: kwamba akirudi nyumbani bila kupasuliwa, na damu ikatoka tena kama ile ya shambani, hatafika hospitali yoyote. Daktari huyo alikuwa aondoke baada ya upasuaji wa kesho. Zamu yake nyingine hakuna aliyeweza kuniambia ni lini.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu. Kesho asubuhi kiuno cha mama kiwe kitupu, la sivyo angerudi Butihinda kufa.

Lazima nieleze shanga zile, maana nimesikia watu wakizizungumza kama pambo tu, au kama jambo la chumbani la kuchekwa. Wazazi wangu walikulia Tanzania, ukimbizini, na huko ndiko walikooana. Mama hakuwa na mama wakati huo. Aliyemlea kuelekea ndoa alikuwa jirani Mwislamu, mwanamke wa huko, ambaye mama hadi leo humwita somo wangu. Somo ndiye aliyemfundisha jinsi ya kukaa na mume, jinsi ya kujisitiri, jinsi ya kunyamaza na jinsi ya kutonyamaza, na siku ya harusi akamvalisha shanga: nyeupe, nyekundu, na za buluu iliyokolea. Mama akawa mke wa kanisani mwenye shanga za Uswahilini chini ya kitenge chake. Wanawake wengi wa kambi yetu walikuwa hivyo.

Na kwao kulikuwa na kanuni. Somo huzitunga shanga na kuzizungusha kiunoni, lakini fundo halivuti yeye. Hupitisha ncha za uzi chini ya pazia, na bwana harusi, akiwa upande wa pili, huvuta mpaka likaze. Uzi ukichakaa, mke hutunga upya na mume hufunga. Aliyefunga ndiye anayefungua. Shanga hukatwa mara moja tu, mume anapokufa: wanawake humketisha mjane na kuzikata kwa kiwembe, naye haziokoti.

Nilipokuwa mtoto niliujua ujio wa mama gizani kwa mchakacho wake mdogo alipoinama kupuliza moto. Baadaye, tuliporudi Burundi, mchungaji wetu wa Butihinda alihubiri Jumapili moja juu ya mambo ya kipagani ambayo akina mama wametoka nayo nje ya nchi. Nilimtazama mama katika mstari wa kwaya. Alikuwa ameweka mikono yake miwili mbele ya kiuno, kama mtu aliyebeba kitu cha moto, akaimba wimbo uliofuata kwa sauti kubwa kuliko wote.

Somo wake amekwishafariki. Amebaki aliyevuta fundo, na huyo ni baba. Baba alivuka kurudi Tanzania kutafuta vibarua vya shamba kama wanaume wengi wa kwetu. Alituma salamu, akatuma sukari, kisha akaacha kutuma. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yu hai.

Mchana ule nilijaribu. Nilikuwa nimezipanga hoja kichwani, nyepesi kwanza, nzito mwisho, nikiwa bado nasuuza bakuli lake bombani.

"Mama, ni shanga tu."

"Na cheti chako ni karatasi tu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa ili kuficha kicheko. Nikashusha sauti. "Mungu haangalii kiuno."

"Basi nesi naye asiangalie."

"Tukizikata leo, ukipona tunatunga nyingine."

"Nikizikata nitakuwa nimesema nini?"

"Utakuwa umesema unataka kupona."

"Hapana. Nitakuwa nimesema baba yako amekufa." Aligeuza shingo kwenye mto ili anione vizuri. "Wewe unajua amekufa?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Basi tusiseme."

Nilitaka kumwambia lile neno la daktari. Lilikuwa mdomoni. Lakini nilifikiri: nikimwambia, atapanda presha, na presha ikipanda hawatampasua, na nisipomwambia, hatapasuliwa. Nilizunguka humo mpaka akafumba macho, na nafasi ikapita.

Nilirudi nyumbani kuchukua uji. Napanga chumba katika ua wa familia moja ya Kiislamu, watu wa biashara. Mume anauza vitambaa sokoni. Mkewe, mama mwenye nyumba wangu, hushona, hupika sambusa, na hutunga shanga za mabibi harusi akiwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, sahani tatu za bati mbele yake, kila moja na rangi yake. Nilijua kama kuna mtu wa kunielewa ni yeye. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kibuyu cha uji mkononi.

"Akate," akasema.

"Mama, nimekueleza maana yake kwake."

"Nimesikia. Mi nakwambia akate. Shanga si Kurani. Za kwangu nimekata mara ngapi? Nikizaa nakata. Nikinenepa nakata. Mzee yuko hai, anakula, anakoroma." Alichomeka sindano kwenye ushanga mwekundu bila kuutazama. "Hapa kwetu zina maana yake, sikatai. Mtoto tunamvalisha tuone kama ananawiri ao anapungua. Mwali tunamvalisha ajue ana mwili. Mke anavaa, bwana anasikia kama leo iko amani ao hakuna. Lakini kukata si kuua mtu."

"Kwake ni hivyo."

"Basi kwake ni hivyo." Alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Na we? Hauna hata moja?"

"Sina."

"Ndio maana unatembea kama askari." Mabinti zake wawili wakaangua kicheko nyuma ya pazia. Yeye hakucheka. Aliweka sindano chini. "Sikiliza, binti. Mama yako haogopi mkasi. Anaogopa kutojua. We tafuta kama mume yuko. Akiwa amekufa, zikatwe na alie. Akiwa hai, ajibu simu."

Ilikuwa rahisi hivyo kwake. Kwangu mimi baba hakuwa mtu wa kupigiwa simu. Namba yake ya zamani ilikufa zamani. Nilitoka nje ya ua, nikasimama karibu na mwendesha baiskeli aliyekuwa akifunga ndizi zake upya, nikampigia baba mdogo, ndugu yake baba, kule Butihinda. Sikuwa na matumaini. Nilimpigia ili nikirudi hospitali niwe nimefanya kitu.

"Baba mdogo, mama anapasuliwa kesho. Tunahitaji kujua habari za baba. Hata kama ni mbaya."

Nikatazama skrini kuona kama salio limekwisha.

"Una kalamu?" akauliza.

Akanisomea namba. Ilikuwa ya Tanzania. Aliisoma bila kwenda kuitafuta, kama mtu anayesoma kitu alichokizoea.

"Umekuwa nayo tangu lini?"

"Usimwambie mama yako nimekupa mimi," akasema, akakata.

Niliiandika kwenye kiganja. Njiani kwenda hospitali nilifunga mkono, nikafungua, nikafunga. Kwa nini hakunipa kabla? Kwa sababu hatukumwomba. Kwa nini hatukumwomba? Kwa sababu mama alikuwa amekataza watu wasimtafute baba kama ng'ombe aliyepotea. Au hakukataza, labda nilisikia hivyo kwa sababu nilitaka kusikia hivyo. Nilifika nikiwa sijapanga la kusema.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Nyuma ya wodi kuna uwanja ambapo wanaowauguza wagonjwa hupika na kuanika nguo. Nilikwenda mwisho kabisa, kwenye kamba ya shuka, kwa sababu simu yangu imeharibika spika ya sikioni. Inasikika kwa sauti ya nje tu, na kila anayeongea nami anaongea na mtaa mzima. Nikapiga.

"Halo. Nani mwenzangu?"

Sauti ya mwanamke. Kiswahili cha huko, cha kunyooka.

"Samahani. Naomba kuongea na mwenye simu."

"Mwenye simu ni mimi. Kama unamtaka mume wangu, ametoka. Amekwenda mashineni kusaga."

Niliwaza kukata. Niliwaza kusema nimekosea namba. Nilikuwa nimekwishafungua mdomo niseme hivyo, shuka likasogezwa, na mama akawa amesimama pale, mkono mmoja kwenye nguzo ya kamba, kitenge kimefungwa juu ya matiti, uso wa rangi ya majivu. Sijui alitembeaje kutoka kitandani; labda aliniona dirishani nikisoma namba kiganjani. Alinyoosha mkono.

"Nipe."

Nikampa.

"Habari za huko," mama akasema.

"Nzuri. Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani wake?"

Wanawake waliokuwa wakikoroga vyungu waliacha kukoroga. Yule wa upande wa pili alichelewa kujibu, na katika kuchelewa kule nadhani alielewa.

"Ni mke wake, mama."

"Yeye mzima?"

"Mzima kabisa. Anakohoa tu asubuhi."

"Hiyo ni yake ya siku zote. Mpe maji ya moto kabla hajatoka nje kwenye baridi. Na asilale upande wa dirisha."

"Sawa, mama."

Nilitaka kumnyang'anya simu. Nilitaka ardhi ya uwanja ule ifanye lolote. Mama alikuwa ametazama chini, kama anayesoma kitu kwenye vumbi.

"Una shanga?" akauliza.

"Nini?"

"Kiunoni. Una shanga?"

"…Ninazo."

"Nani alikufunga?"

"Hakuna. Nilinunua mnadani, nikajifunga mwenyewe."

"Hakukuvutia fundo?"

"Fundo gani, mama?"

Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu afike Gitega. Kilikuwa kicheko kifupi, kikamuumiza, akashika tumbo.

"Basi," akasema. "Hakuna neno."

"Nimwambie nani kapiga?"

"Mwambie Butihinda wamepiga."

Alinirudishia simu, akageuka. Nilimshika kiwiko mpaka kitandani. Yule wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa amesikia kupitia dirishani kama wodi nzima, alimsogezea mto.

Nilikuwa nimeharibu. Hivyo ndivyo nilivyoona. Kabla ya simu ile kulikuwa na njia mbili, mbaya zote, lakini njia. Baba angekuwa amekufa, zingekatwa. Baba angekuwa hai na wetu, angesema "fungua," na neno lake lingetosha. Sasa alikuwa hai na si wetu. Huwezi kumkatia mtu aliye hai, na huwezi kumwomba ruhusa mtu aliyekwishasahau kuna fundo. Kabla giza halijaingia nilikwenda kioski mbele ya lango nikanunua kiwembe. Muuzaji aliniuliza kama nataka na sabuni, nikamwambia ndiyo, ili kionekane ni cha kawaida.

Asubuhi nesi alikuja na gauni la kijani na kofia ya karatasi. Alimwangalia mama, akaniangalia.

"Bado?"

"Bado," nikasema.

"Dada, nilikwambia jana." Hakuwa anacheka tena. "Daktari amefika. Brankari ya kumbeba inakuja. Kama mama hataki, mi nasema hataki, wanachukua mwingine. Iko wamama wanangojea hii nafasi kulia wanalia."

Nilitia mkono mfukoni, nikakigusa kiwembe kupitia karatasi yake. Nilijiambia: akisinzia kwa dawa, nitafanya. Kisha nikajiambia: akiamka na kujua, hataniita mwanangu tena. Kisha: lakini atakuwa ameamka.

"Nipeleke bafuni," mama akasema.

Bafu la wodi ile ni chumba cha saruji chenye dirisha dogo juu na ndoo mbili. Nilifunga mlango kwa komeo. Mama aliegemea ukuta, akafungua kitenge, akaniambia niwashe taa ya simu na nimulike.

Sikuwahi kuziona shanga zile kwa karibu. Nilikuwa nimezisikia maisha yangu yote, lakini mtoto hamtazami mama yake pale. Tumbo lilikuwa limezibana hadi zimeacha alama kwenye ngozi. Nilitarajia fundo moja. Yalikuwa mengi. Kila baada ya shanga chache palikuwa na fundo, mengine ya uzi mweupe, mengine ya uzi mweusi wa kushonea, moja la kamba ya nailoni ya gunia iliyozunguka kando ya uzi wote. Na shanga hazikutosha. Katikati ya mafundo kulikuwa na mapengo ya uzi mtupu.

"Unaona nini?"

"Mafundo."

"Ya nani?"

Nikaanza kusema ya baba, nikaacha.

"Uzi wa baba yako ulikatika zamani," mama akasema. "Ulinikatikia shambani, nikipalilia maharage. Niliokota kwenye udongo mpaka jua likazama. Nyingine sikuziona. Nikafunga mwenyewe nyuma ya nyumba, nikanyamaza, maana wenzangu wangesema ni ishara. Ukakatika tena, nikaunga. Kila ulipochoka nikaunga."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana sikujua kama yupo. Angekuwa amekufa, ningefungua nini? Zingekuwa za kukatwa, na mimi ningekuwa nimemnyima mume wangu kilio chake." Alivuta pumzi. "Sasa yupo. Na fundo lake hapa halipo hata moja. Aliyefunga ndiye anayefungua."

Niliona ni kibali. Nikatoa kiwembe haraka, kabla hajabadili mawazo.

Alikitazama kwa muda, akanitazama mimi.

"Ondoa hicho. Mimi si mjane."

Nikakiweka sakafuni. Akaanza kwa kucha, fundo moja moja. Mafundo yalikuwa yamekauka kwa jasho na mafuta, magumu kama mbegu. La kwanza lilikubali. Niliona ajabu jinsi lilivyokubali. La pili lilichukua muda zaidi. Nje magurudumu ya brankari yalipita kwenye korido, yakasimama.

"Mama, nikusaidie kushika tu."

"Mulika."

"Wewe huoni vizuri, mimi nina kucha ndefu…"

"Toa mkono wako."

Nikatoa. Nikaishika simu kwa mikono yote miwili. Mlango ukagongwa.

"Muko wapi humo? Daktari anauliza."

"Tunakuja," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini.

Mengine yakafuata, likabaki lile la nailoni. Hilo mama alikuwa amelichoma kwa moto ili lisifunguke, nami nilimwona akilipapasa na kulijua. Alichomoa pini kwenye kilemba chake, akaingiza ncha yake. Ikateleza, ikamchoma. Akaingiza tena. Nikamwegemeza kwa bega langu, shavu langu kwenye mgongo wake, taa ikimulika pembeni. Komeo lilikuwa dhaifu. Nesi alisukuma, mlango ukafunguka, akasimama na kofia ya karatasi mkononi.

Nilijua angepiga kelele. Aliangalia pini, akaangalia kiwembe kilichokuwa sakafuni bado ndani ya karatasi yake. Akaingia, akafunga mlango kwa kisigino, akaja kumshika mama upande wa pili.

"Haraka basi, mama," akasema polepole.

Fundo lile halikufunguka vizuri. Lilipasuka vipande, kipande baada ya kipande, mpaka nailoni ikanyooka. Uzi ukalegea. Mama akauvuta kutoka ngozini, akaukusanya kiganjani, akaniwekea mkononi mwangu na kunikunjia vidole.

"Nifanye nini nazo?" nikauliza.

"Sijui. Shika."

Nesi akamvalisha lile gauni pale pale, akamfunga kofia, na mama akatoka bafuni kwa miguu yake, akapanda brankari bila kusaidiwa, akalala na kutazama dari. Milango ya bloc ilifunguka kwa mama na nesi, ikajifunga.

Niliketi kwenye benchi. Niliwaza kila kitu ambacho daktari anaweza kukosea. Niliwaza labda kwa kuchelewa kwetu damu aliyoongezewa ilikuwa imetosha jana na leo haitoshi. Niliwaza shanga ni mzigo gani na kama nizitie mfukoni au nizishike tu, kwa kuwa alisema shika, hakusema tia mfukoni. Nikazishika.

Simu ikalia. Namba ile ya Tanzania. Niliiacha ikalia mpaka watu wa benchi wakageuka, nikapokea kabla haijakatika.

"Ni wewe?" baba akasema, na benchi zima likamsikia. Sauti yake ilikuwa ile ile, na nilikasirika kwa kuwa ilikuwa ile ile. Akakohoa.

"Ni mimi."

"Nimeambiwa Butihinda wamepiga. Nikapiga kwa namba niliyoikuta. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko ndani. Anapasuliwa."

Nyuma yake nilisikia kuku, na chombo kikiwekwa chini.

"Nije?" akauliza.

Mimi ambaye siwezi kuagiza chai bila kufikiri mara mbili, nilijibu kabla sijafikiri.

"Utamuuliza mwenyewe akitoka."

Nikakata. Kisha niliketi nikiwaza kuwa nimemjibu baba yangu vibaya, na kuwa huenda hatakuwepo wa kuulizwa.

Alitoka jua likiwa limeingia koridoni. Nesi alitangulia, amevua barakoa, na aliponiona alitikisa kichwa kuonyesha ni vizuri, lakini mimi nilifikiri anakataa, mpaka akasema kwa mdomo, "Iko sawa, dada. Imetoka yote." Walimlaza mama kitandani, mdogo kuliko alivyoingia. Nilikaa naye hadi alipofumbua macho na kunitambua.

"Baba amepiga," nikamwambia. Pengine haikuwa wakati wake. Sikuweza kungoja. "Anauliza kama aje."

Midomo yake ilikuwa imekauka. Aliilamba.

"Ananiuliza mimi kwa nini?" akasema. "Miguu si yake?"

Kisha akaomba maji, na nesi akasema bado.